Jinsi mzee wetu alivyokubali kuandika wosia

Kwetu Machame, Kilimanjaro, ukimtajia mzee habari ya wosia anaona unamchulia. Mi nilianza kumgusia baba baada ya msiba wa kaka yake, maana yaliyofuata pale tuliyaona kwa macho, watoto mpaka leo hawasalimiani, hela iko benki haitoki kisa ukoo haujakubaliana nani awe msimamizi wa mirathi. Kila nikigusia baba ananijibu "mnataka nife?" na stori inaishia hapo.

Kilichomlainisha ni mama. Nilimuuliza, baba, ukitangulia wewe mama atakaa wapi? Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kwa mila yetu ni cha kitinda mimba, na ile sheria ya kimila ya 1963 inasema mjane hana fungu kama marehemu kaacha jamaa wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mtu kalima na wewe maisha yake yote halafu eti atatunzwa! Inaniuma mpaka leo hiyo. Mzee akanyamaza kimya, kesho yake akaniita akasema lete karatasi.

Hatukuanza na nani apate nini, tulianza na orodha ya mali, na nawashauri mfanye hivyo hivyo kwa sababu kwenye orodha hakuna wa kugombana naye. Shamba la Boma Ng'ombe na karatasi yake ya mauziano, hisa za benki, akiba ya saccos, anaowadai na wanaomdai. Alipofika kwenye mifugo akaandika "ng'ombe wote", mama akadakia kutoka mlangoni, "Baba Neema, yule wa maziwa ni wangu, nilimnunua kwa hela ya ndizi." Mzee akakata ule mstari akaanza karatasi mpya, maana wosia wenye kufutwafutwa unaleta maneno mahakamani.

Kaandika mwenyewe kwa peni, akaweka tarehe, akasaini kila ukurasa. Mashahidi wawili wanaojua kusoma, baba mdogo kwa upande wa ukoo na mzee mmoja wa kanisani kama mtu baki, wote hawarithi chochote, hilo msilichezee kabisa. Kihamba kikabaki kwa mdogo wetu ila mama anakaa kwenye nyumba yake mpaka mwisho wa maisha yake, na Boma Ng'ombe ambako alinunua kwa hela yake akatupa sisi mabinti. Msimamizi akamtaja kwa jina kabisa. Nakala moja tumeipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanahifadhi, nyingine anayo mchungaji.

Saccos ilibidi tuende pia kubadilisha jina la mrithi, fomu ilikuwa bado na jina la bibi aliyefariki zamani. Sasa hivi tunahangaika na ile karatasi ya mauziano ya shamba la Boma Ng'ombe, aliyemuuzia baba bado yu hai na anakubali kusaini mbele ya serikali ya kijiji, kwa hiyo tunaimaliza hiyo kabla ya mvua za masika.