Inti si kashata

Bibik alichota nazi kidogo kutoka kwenye sufuria yangu, akaitandaza kwenye kisahani, akaipepea, kisha akaibonyeza kwa kidole. Haikubonyea.

"Nak, hii ya kutafuna," akasema. Nak, kwa lugha yao, maana yake ni "mwanangu". Hakuwa amekasirika, ila alikwisha nyoosha mkono kuchukua nazi nyingine.

Jiko hilo lilikuwa Melaka, Malaysia, nyuma kabisa ya nyumba moja nyembamba na ndefu. Bibik ndivyo anavyoitwa kwa heshima mama mtu mzima wa Kinyonya, yaani wa jamii ya Peranakan, uzao wa Wachina waliohamia huko zamani wakaoana na wenyeji. Asubuhi ile tulikuwa tukipika kuih ketayap, ambazo wengine huziita kuih dadar: chapati za maji za kijani, nyembamba, zilizoviringishiwa nazi ya sukari. Hiyo nazi ndiyo inti. Niliachiwa mimi kwa sababu nilijitapa kwamba mtu wa pwani hafundishwi nazi.

Nilipika kashata. Ndiyo tuliyozoea: sukari inakolea, nazi inajikusanya na kuacha sufuria, unamimina, unakata. Inti inaepuliwa kabla ya hapo. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia inafunguka na shira inarudi polepole, huku nazi ingali inang'aa. Macho yanakwambia bado, kumbe tayari, kwa kuwa inapopoa nazi huendelea kunywa shira na sukari hukaza. Ukingoja ikauke motoni, ikipoa itakuwa ngumu na kuichana chapati.

Bibik hapimi. Kwao wanasema agak-agak, kukisia kwa jicho na mkono. Nilikuwa na mizani, nikapima kila alichoshika: nazi iliyokunwa gramu 200, gula melaka, yaani sukari ya mnazi, gramu 120, maji robo kikombe, jani moja la kunukia la mpandani (pandan) lililopigwa fundo, chumvi ya kufinya. Gula melaka inatokana na utomvu ule ule ambao mgema wetu huuacha uwe tembo. Wao huuchemsha kabla haujachacha, wakaumimina kwenye mapingili ya mianzi, ndiyo maana unauzwa kama vigogo vifupi. Unaukatakata, unauyeyusha kwenye maji, unauchuja (usiruke hapa, takataka hazikosekani), ndipo unatia nazi. Moto mdogo, dakika 8 hadi 10, mkono hausimami.

Nazi yenyewe nayo niliikosea. Nilichagua kavu, nzuri kwa tui. Yeye alitaka iliyopita ukoroma juzijuzi, nyama imekaza lakini bado ina majimaji. Nazi kavu hunywa shira yote upesi, halafu ukiitafuna ni kama chicha. Tena aliimenya lile ganda la kahawia kabla ya kuikuna, maana likiingia inti inakwaruza ulimi. Kwenye mbuzi ni rahisi zaidi: unaacha kukuna weupe unapokwisha.

Nilijaribu kuiokoa ile inti yangu iliyokauka kwa vijiko viwili vya maji ya moto na kufunika. Ililainika juu juu tu. Iliyozidi maji ina dawa, kijiko cha chai cha unga wa mchele uliokorogwa. Iliyozidi moto haina.

Uji wa chapati alikuwa amekwisha andaa: unga wa ngano gramu 120, yai 1, tui jepesi mililita 200, maji ya mpandani mililita 100, chumvi. Ulichujwa, ukapumzishwa nusu saa ili mapovu yaishe na chapati zisiwe za mpira. Mpandani ni ndugu wa mkadi wetu, ila manukato yake yako kwenye jani, na yananukia kama wali wa basmati. Majani 10 yalisagwa na maji kidogo jana yake, yakachujwa, yakalazwa kwenye friji. Kijani kizito hutuama chini, na maji ya juu humwagwa. Asiyengoja hapo hupata rangi ya majani ya chai, halafu anakimbilia rangi ya dukani.

Kikaango cha sentimita 18 kilifutwa kwa kitambaa chenye mafuta. Kufutwa, si kumiminiwa: mafuta yakizidi uji unateleza na kutoboka. Moto mdogo sana, upande mmoja tu, na kingo zikijiinua unatoa. Doa la kahawia likitokea, kijani kimeharibika. Unazipanga chini ya kitambaa zisikauke, na inti unaiacha ipoe kabisa, kwani ya moto hutoa jasho likalowesha chapati. Kijiko kimoja cha chakula, kunja pembeni, viringisha kama mkeka.

Tulizila saa nne asubuhi kwa kahawa isiyo na maziwa. Ukiing'ata, kwanza unapata ulaini wa tui, kisha chumvi kidogo, kisha ule utamu wa gula melaka wenye moshi ndani yake. Haziwekwi hadi kesho. Kwa joto la kule, ikifika jioni nazi imeanza kuchachuka.

Lile fungu langu nililisambaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, nikalikata mshazari. Bibik alikula vipande vitatu. Kashata ya gula melaka ina kasoro moja tu, inanata kwenye meno.