Tulivyompangia zamu ndugu yetu aliyepatwa na kiharusi

Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia walikuwepo mume na mke ambao sote tuliwategemea. Baba ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mama ndiye aliyejua nani anaumwa, nani kafiwa, nani hajaonekana kanisani. Kisha baba akapatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukapooza, na kauli ikaondoka. Alielewa karibu kila alichoambiwa, ila akitaka kujibu neno halimjii, au linakuja jingine kabisa.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali, siku za mwanzo nyumba ilijaa watu. Tuliomba, tuliimba, tulipeleka chakula kuliko walichoweza kula. Na kila aliyeaga alisema mlangoni, "Mama, ukihitaji chochote usisite kuniambia." Tulisema kwa moyo safi. Lakini mimi nimewahi kumuuguza mzazi nyumbani, na ninajua maneno hayo yanamwachia nani kazi. Anayeuguza ndiye afikirie anahitaji nini, achague wa kumwomba, aishinde haya, ndipo apige simu. Mama yule hakumpigia mtu. Mwezi wa pili ulipoingia, wageni walikuwa wamekwisha.

Nikawaomba wenzangu tupange zamu. Mzee mmoja tunayemheshimu sana hakupendezwa. Alisema upendo ukishaandikwa kwenye karatasi umegeuka kazi. Aliyeguswa na Roho ataenda mwenyewe. Sikutaka kubishana naye, nikamwomba tusome pamoja Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na hayo yalitokea katika kanisa lililojaa maombi kuliko letu. Mitume hawakuishia kuwahimiza watu wapendane zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie jambo hilo. Yaani kuhakikisha mjane hasahauliwi ni kazi ya kupewa watu wenye Roho na hekima, na wajulikane ni akina nani. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu, niandike siku ya Jumatano."

Kabla ya kuandika lolote nilikwenda kwa mama mwenyewe. Sikumuuliza anahitaji nini, maana jibu lingekuwa "Tuko salama, Mungu ni mwema." Nilimuuliza, "Mama, saa zipi zinakuwa ngumu kwako kuliko zote?" Hakufikiri mara mbili: usiku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya mgongoni, nyongani na kwenye visigino huanza kufa na kuwa vidonda. Mama alikuwa anaamka usiku kucha, na mwili wa mumewe ni mzito. Sisi tulikuwa tunapanga kumtembelea mchana, saa ambazo hazikumpa shida.

Basi zamu zikaanzia usiku. Akina baba wakapokezana kulala pale, na mchana akaja mtu wa kukaa na mgonjwa ili mama alale kweli, mlango umefungwa na simu iko kwa mwingine. Mtaalamu wa fiziotherapia alitufundisha kwanza, na hilo nalisisitiza kwa yeyote anayetaka kufanya hivi. Mkono uliopooza hauvutwi hata kama ndio ulio karibu, kwa kuwa misuli ya kulishikilia bega imelegea na bega linaumia kirahisi. Mgonjwa anakula akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, kwa sababu kiharusi huweza kuharibu kumeza na chakula kikapitia njia ya hewa. Tulikubaliana kwamba asiyefundishwa hanyanyui na halishi. Moyo mwema bila ujuzi unaweza kumuumiza mtu.

Jambo lililotupa taabu zaidi lilikuwa mazungumzo. Wageni waliingia, wakasimama miguuni pa kitanda, wakamuuliza mkewe, "Anaendeleaje?" Naye yupo, macho wazi, anasikia kila neno. Niliona uso wake unavyojikunja. Mtu aliyetuongoza miaka yote sasa anasemwa mbele yake kama hayupo! Tukakubaliana mgeni aketi mahali anapoonekana, upande ule mzima, redio izimwe, na azungumze naye yeye. Tulijifunza kuuliza maswali ya ndiyo na hapana, moja baada ya jingine: "Umelala vizuri?" Kisha kungoja. Kungoja kwenyewe ndiko kugumu, maana neno likichelewa unatamani kumtajia. Tulijizuia. Akitikisa kichwa tulirudia tulivyoelewa ili aseme kama ndivyo. Ayubu alitembelewa na rafiki watatu ambao kwa siku 7 walikaa naye chini bila kumwambia neno, na ninaamini hizo ndizo siku walizomfaa.

Jioni moja kijana mmoja wa zamu alikuwa anakunja shuka huku akiimba polepole wimbo ambao baba alikuwa akiuanzisha karibu kila Jumapili. Kutoka kitandani ikasikika sauti ya pili. Baba anaimba, na si mlio tu, ni maneno yenyewe, ubeti mzima, yeye ambaye asubuhi ile alishindwa kutaja maji. Mama alitoka chumbani mbio. Baadaye tulielezwa kwamba hutokea hivyo: nyimbo alizozizoea mtu huweza kubaki hata pale usemi unapoharibika, na wataalamu wengine hutumia uimbaji kusaidia maneno yarudi. Tangu hapo kila zamu iliimba naye. Hata wale wasiojaliwa sauti.

Kuna mambo mawili tuliyawekea msimamo mapema. Yanayoonekana ndani ya nyumba ile hayatolewi nje, hata kwa jina la "ombi la maombi". Mama ndiye aliyetuambia tuseme nini kanisani. Na fedha alizishughulikia mtu mmoja mwaminifu, kimya kimya, bila majina ya waliotoa kusomwa popote.

Wasaidizi walichoka, bila shaka. Wengine waliacha. Tuliafikiana kwamba anayeshindwa atafute wa kumshikia zamu na asihojiwe sababu. Dada mmoja hakuweza kabisa kukaa na mgonjwa, kwa mambo aliyoyapitia mwenyewe, akachukua kazi ya kufuatilia karatasi za hospitali na dawa. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao sijapata kuuona. Na jirani ambaye si wa imani yetu aliniuliza kwa nini kwenye karatasi hakuna jina lake. Nikamwandika. Naona aibu kudhani kwamba Bwana aliyemtolea mfano Msamaria angetaka nimkatalie.

Katika Wagalatia sura ya 6 Paulo anasema tuchukuliane mizigo, na aya chache mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Zamani aya hizo mbili zilinitatiza. Pale nyumbani nilizielewa kwa macho. Baba alianza kunawa uso kwa mkono wa kushoto. Alichukua muda mrefu na maji yakamwagika kifuani. Kijana wa zamu akanyoosha mkono kuchukua kitambaa, na baba akakishika kwa nguvu zote. Lile lilikuwa furushi lake. Mama naye akaniambia siku moja, "Nyinyi mnanipa kila kitu, lakini kazi yangu mmeichukua." Nikaelewa anasema nini, nikampelekea orodha ya watu wa kikundi. Akaanza kupiga simu akiwa kando ya kitanda: kumjulia hali huyu, kumpa pole yule. Baada ya wiki chache alikuwa anajua habari za watu kuliko sisi tuliokuwa tunazunguka.

Sasa baba anatembea kwa fimbo ndani ya nyumba, na maneno yanarudi kwa uchache. Zamu za usiku zimekwisha. Karatasi yenyewe imehamia kwa familia nyingine iliyopata mtoto njiti, na huko tumeanza upya kabisa. Hao hawataki mgeni ndani, kwa sababu ya mtoto, na wana haki. Nilipomuuliza yule mama kijana saa zipi ni ngumu, alisema ni ile ya kumtoa shule mtoto wake mkubwa, wakati yeye yuko hospitali ananyonyesha. Kwa hiyo mzee wetu wa Jumatano sasa anasimama kwenye lango la shule kila siku hiyo, na mtoto keshamzoea, anamkimbilia.