Milango mitatu ya mama mdogo

Mchwa walikuwa wameila milango mitatu ya ndani nyumbani kwa mama mdogo, hapa Isevya, Tabora, ikabaki rangi tu. Ukibonyeza, kidole kinazama. Fremu za mninga hawakuzigusa, kwa hiyo nilimwambia fremu zibaki, tubadilishe milango, nayo iwe ya mninga.

Shida ya nyumba kongwe si mlango, ni fremu. Ya chumba cha watoto, upana wa juu umezidi wa chini kwa milimita 7. Mlango ulionyooka hauingii humo. Ndiyo maana niliagiza milango mipana kidogo, nikaja na randa ya umeme.

Futi sikuiamini. Niliuegemeza mlango kwenye fremu, nikauinua kwa kabari, nikaufuatisha ukingo wa fremu kwa penseli, kisha nikachora mstari wa pili milimita 3 ndani ya ule wa kwanza. Hiyo ndiyo nafasi ya mlango kupumua. Randa niliitega ikate chini ya milimita 1, maana nyuzi za mninga hupishana, na kisu kikizama sana kinazing'oa badala ya kuzikata. Ukianza, kandamiza mbele ya randa. Ukikaribia mwisho, hamishia uzito nyuma, la sivyo inachimba shimo pale inapotokea.

Mlango wa kwanza niliuharibu ukingo wa chini. Niliisukuma randa moja kwa moja hadi ikatokezea upande wa pili, na pembeni kikabanduka kipande cha ukubwa wa ukucha. Iliniuma sana, mbao ile ni ya bei. Nilikirudisha kwa gundi. Miwili iliyofuata nilianzia kila kona kuelekea katikati, haikupasuka hata unyuzi.

Upande wa kitasa usiuache mraba. Ulaze kidogo, ule uso unaotangulia kuingia kwenye fremu uwe mwembamba kwa milimita 2 hivi, mlango ufunge bila kukwaruza.

Mama mdogo alitaka kuja kuokota maranda ya kuwashia jiko. "Subiri kwanza, mama, kisu bado kinazunguka." Alisimama mlangoni, kitambaa puani, maana vumbi la mninga linawasha, hadi mlio ulipokata.

Jioni aliufungua mlango wa watoto, akaufunga, akaufungua tena.

"Baba, mbona huu hausemi?"