Arusha bila gari: nilivyojipanga

Mtu akiniambia anahamia Arusha, namuuliza kwanza atafanyia kazi wapi, halafu namuuliza atakuwa anashukia kituo gani. Mambo ya kodi, idadi ya vyumba na kama maji yanatoka kila siku tunayaongea baadaye. Mimi nilikuja hapa kutoka Kondoa na cherehani moja ya miguu. Gari sikuwa nalo, na mpaka leo sina. Nashona sare za shule na nguo za sherehe kwenye fremu upande wa Kaloleni, na wateja wangu wako Njiro, Moshono, Usa River, wengine Karatu. Wote wanapata nguo zao kwa wakati, na nyumbani tunaishi vizuri.

Arusha ni mji mrefu. Umejinyoosha kwenye barabara kuu, Ngaramtoni upande mmoja, Tengeru na Usa River upande wa pili, halafu unashuka kusini kwenda Njiro, Kwa Mrombo na Murriet. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 ndani ya Jiji, ya 2022 ikakuta 617,631. Hapo Ngaramtoni na Usa River hawajahesabiwa, maana wako kwenye halmashauri nyingine, ingawa kila asubuhi tunabanana nao mjini. Daladala nyingi zinakimbilia Kilombero, stendi ya hapa mjini, kwa hiyo mtu wa Njiro mwenye kazi Sakina ajiandae kulipa nauli mbili kwenda na mbili kurudi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, walipopandisha nauli Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 ikawa 600. Piga hesabu: 2,400 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Nusu ya pesa hiyo ukiiongeza kwenye kodi unapata chumba mahali ambapo gari moja tu linakufikisha kazini.

Ndivyo nilivyotafuta nyumba. Dalali alinipeleka kuona vyumba kwa bodaboda, na kila alipokuwa anataja umbali alisema ni dakika tano tu kutoka lami. Kwa pikipiki ni kweli. Nilimwambia, "Kaka, asante, sasa tushuke twende kwa miguu mpaka lami." Hakupenda, lakini tulitembea. Chumba cha kwanza kilikuwa kizuri mno, vigae mpaka jikoni, ila kulikuwa na korongo la kuvuka na kilima cha kupanda, na nilijua mvua za Machi zikianza njia ile haitapitika na mzigo mkononi. Cha pili, upande wa Sakina, kilikuwa kidogo na ukuta wake haukupakwa rangi, lakini njia ilikuwa ya changarawe, imenyooka, ina nyumba za watu pande zote na duka la Mangi linalowasha taa mpaka usiku. Nilikichukua. Kodi ya miezi sita mkononi, na ya mwezi mmoja ya dalali. Iliuma, ila sijawahi kujuta.

Huyo Mangi ndiye aliyeniwezesha kuvuka masika. Kuanzia Machi mpaka Mei nilikuwa natoka nyumbani na mabuti ya mvua, nafika dukani kwake, nakaa kwenye kreti la soda, nasuuza mabuti kwenye bomba la nje na kuyaacha nyuma ya mlango. Navaa viatu safi kutoka kwenye mfuko, napanda gari. Jioni nayakuta palepale. Hakuwahi kunidai hata senti, nami sikuwahi kununua mkate, sukari wala vocha kwa mtu mwingine. Mtu asiye na gari anahitaji sehemu kama hii karibu na lami, ya kuachia kitu, kujikinga na mvua, na watu wanaomjua kwa jina. Kwangu hilo lina thamani kuliko geti la umeme.

Asubuhi ya Sakina ina shida yake. Magari ya kutoka Ngaramtoni yanafika kwetu yamejaa, na siku za soko la Ngaramtoni ndiyo usiseme. Ukitoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu unakaa. Ukichelewa kidogo, unasimama umeinamisha shingo huku konda anakwambia "sogea, dada, nyuma kuna nafasi" wakati nyuma kuna goti la mtu. Nilichagua kutoka mapema. Nikifika fremu watu bado hawajaanza kuja, nakata vitambaa kwa utulivu, na saa ile ya mapema imeniingizia kazi nyingi kuliko saa yoyote ya mchana.

Jioni ni vita nyingine. Saa kumi na moja na nusu Kilombero, watu wanaingilia madirishani. Wenzangu wa fremu ya jirani walinifundisha kugeuza na gari: unalipandia kituo cha nyuma likiwa linaingia mjini, unabaki kwenye kiti, linageuka na wewe. Unalipa mara mbili. Nikiwa na mzigo, au nimechoka, nalipa bila kinyongo. Nikiwa mwepesi natembea. Watu wengi wanasahau kwamba katikati ya Arusha panatembeleka. Kutoka Soko Kuu mpaka Mnara wa Saa, ukavuka mto Themi, ukapanda mpaka Sanawari, ni mwendo wa mtu mzima wa kawaida, na njiani kuna miti mikubwa na hewa ya mlimani. Juni na Julai kunapokuwa na baridi, kutembea kunanipa joto kuliko kusimama kituoni nimekunja mikono.

Barabara yenyewe ijue vizuri kabla hujahamia. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, kimejengwa njia nne, na kwa wenye magari ni raha. Kwa mwenda kwa miguu, ile barabara ni ya kuvuka kwa heshima. Mimi navuka kwenye pundamilia tu, tena nasubiri tuwe kundi, kwa sababu dereva anamsimamia mtu mmoja kwa shida lakini watu sita anawaona. Ukipata nyumba, angalia iko upande gani. Ukiwa upande ambao gari la kutoka mjini linakushushia, usiku huvuki. Binti yangu nilimtafutia shule upande wetu huohuo, anakwenda kwa miguu na wenzake. Kwenye viwango vile vya 2023 nauli ya mwanafunzi ni 200, na nimeona kwa macho yangu jinsi makonda wengine wanavyowazuia watoto mlangoni ili kiti kikaliwe na mtu mzima. Mtoto wa darasa la tatu anaachwa kwenye mvua kwa sababu ya tofauti ya shilingi 400. Hili linaniumiza, na kila nikiwa ndani ya gari nasema, "Konda, mpakie mtoto." Abiria wawili watatu wakiitikia, anampakia.

Sasa mizigo, maana hapo ndipo watu wanaponiambia, "Mama, wewe ungekuwa na gari." Nikinunua majora ya kitambaa mjini, natafuta guta, ile ya matairi matatu ya mizigo. Nikihamisha cherehani, nakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Siku ya kuhamia Sakina, yule chalii wa kirikuu alitaka kuisimamisha cherehani nzima na kuifunga kamba. Nilimzuia. Tulifungua boliti mbili, tukalaza kichwa cha cherehani kwenye godoro, nikakizungushia khanga mbili, miguu ya chuma ikakaa peke yake ubavuni. Ilifika haina hata mkwaruzo, na jioni ile nilipindia mapazia yangu mwenyewe.

Kupeleka nguo kwa wateja ndiko kulikonifundisha kwamba si lazima nisafiri mimi. Sare za mteja wa Usa River nazikunja kwenye mfuko wa sandarusi, nashona mdomo kwa uzi mnene ili usifunguliwe njiani, na juu nabandika karatasi yenye jina la mpokeaji, namba yake na kituo atakaposimama, kwa herufi kubwa. Nampa konda ninayemfahamu, namlipa nauli ya kiti kimoja, halafu nampigia mteja nikimtajia namba ya gari na maneno yaliyoandikwa kwenye kioo cha nyuma. Hayo maneno ya kioo ndiyo yanayosaidia zaidi, kwa sababu gari likiwa mbali namba haisomeki. Mzigo wa Karatu au Moshi naupeleka stendi, kwenye ofisi ya basi, napewa risiti, naipiga picha na kuituma. Mara moja mzigo ulipotea kwa siku nzima, basi likapita na mfuko mpaka mwisho wa safari, lakini risiti ilikuwepo na ulirudi. Tangu hapo hata mzigo wa konda naandikiana naye kwa ujumbe wa simu, ili kuwe na kumbukumbu.

Kuhusu bodaboda, nina watu wawili tu, wote wa kijiwe cha hapo lami. Ninajua majina yao, mwenyekiti wa kijiwe ananijua, na wana kofia ngumu ya pili ambayo ni ya abiria. Ikifika saa tatu usiku sipandi pikipiki ya mtu nisiyemjua, hata awe na bei nzuri namna gani. Napiga simu, anakuja. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wakitangaza bei ya mafuta, tunakaa na kuelewana upya kama ni lazima. Hatugombani barabarani.

Watu wananiambia biashara ya heshima inataka gari. Ndugu yangu mmoja alinishauri nikope ninunue. Tulikaa na karatasi tukaandika: rejesho la mkopo, mafuta, bima, matairi, fundi, maegesho mjini. Upande wa pili tukaandika nauli zangu zote, guta, kirikuu na boda za mwezi. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Ile pesa nilinunulia cherehani ya overloki, na sasa kuna dada mmoja anayeifanyia kazi na kulipwa. Mwenye kazi ya kuzunguka Monduli na Longido kila siku anahitaji gari, hilo silipingi. Mimi kazi yangu iko mezani.

Kuna siku naumwa na mabega kwa sababu ya kubeba, na kuna siku mvua inanikuta kituoni ambako hakuna hata bati la kujikinga. Hapo ndipo ningependa tusikilizwe. Tumejengewa barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 ili malori yasipite mjini, ni jambo jema. Sisi tunaosimama tunaomba vibanda vya kukaa, taa kwenye njia za kuingia mitaani, na gari linalotoka Sakina moja kwa moja hadi Njiro bila kupitia Kilombero. Nimeshalisema hili kwenye mkutano wa mtaa, likaandikwa kwenye muhtasari. Mkutano ujao ninakwenda na wenzangu wa kituoni, kila mmoja na jina lake na sahihi yake.