Dalali wa domeni: namna ninavyoamua

Kabla sijamtafuta dalali wa kunisaidia kuuza domeni yangu, yaani jina la anwani ya tovuti, huchukua karatasi nikajaribu kuorodhesha kampuni kumi ambazo jina hilo lingezifaa: zile zinazotumia neno lilelile kwenye domeni ndefu zaidi, au yenye kistari katikati, au isiyoishia na .com. Zikifika kumi, dalali ana kazi ya kufanya. Atawapigia simu wenye kauli ndani ya kampuni hizo, watu ambao barua pepe yangu isingewafikia. Zisipofika hata tatu, jina hilo ni la kungoja mwenye shida nalo aje mwenyewe. Naweka ukurasa wa kuuzia wenye bei na fomu ya mawasiliano, basi.

Voice.com iliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30 kupitia madalali wa GoDaddy, kampuni inayosajili domeni, kwa mnunuzi aliyekuwa akitaka kuuita mtandao wake mpya jina hilohilo. Majina ya aina hiyo ndiyo yanayostahili dalali.

Halafu hesabu. Kamisheni huwa kati ya asilimia 10 na 20. Kama tayari nina mtu anayetoa dola 20,000, dalali wa asilimia 15 lazima ampandishe hadi dola 23,530 hivi ili nibaki na kilekile. Kampuni yenye bajeti hupanda. Mtu binafsi ni nadra. Domeni ya dola 500 simpelekei kabisa, kwa sababu kamisheni ya dola 75 haimlipi hata simu za siku moja. Ataipokea, kisha itakaa.

Kwenye mkataba nabana mambo matatu. Haki ya dalali ya kuuza peke yake isizidi siku 90. Bei ya chini iandikwe. Na wanunuzi ambao tayari nazungumza nao watajwe kwa majina, kuwa hawana kamisheni. Zaidi ya hayo matatu, kuna kipengele kimoja kinachouma: kuna mikataba inayomlipa dalali hata miezi 6 au 12 baada ya kwisha, mradi mnunuzi ni mtu ambaye dalali huyo aliwahi kumfuata. Nakubali tu akinipa orodha ya majina hayo siku mkataba unapokwisha.

Anayedai ada ya tathmini kwanza, akisema mnunuzi wake anataka cheti kutoka tovuti fulani, ni tapeli. Simjibu.

Domeni haitoki kwenye akaunti yangu wakati wa mauzo, wala simpi dalali msimbo wa uhamisho, ile namba ya siri ya kuhamishia domeni. Fedha zinaingia kwanza kwa mtunza amana kama Escrow.com, anayezishika kwa niaba yetu sote, akithibitisha zimefika, ndipo nafungua kufuli la domeni kwenye akaunti yangu na kumpa mnunuzi msimbo. Kabla ya hapo natazama tarehe mbili: ya kwisha kwa usajili, na ya usajili au uhamisho wa mwisho. Zikiwa hazijapita siku 60 tangu hiyo ya pili, msajili, yaani kampuni domeni iliposajiliwa, anaweza kukataa kuihamisha domeni, na mnunuzi aliyekwisha kulipa huanza kuingiwa na wasiwasi.