Nilivyokaa na volontia wa Kijerumani hapa Mikindani

Tangu nimpokee yule binti watu wananiuliza hivi uliwezaje kukaa na mzungu nyumba moja, alikuwa anakula nini, na swali lenyewe hasa, alikuwa anakulipa shingapi. Basi leo nieleze, maana kuna wenzangu Lindi na Masasi wameombwa wapokee volontia wanaogopa.

Makaratasi kwanza. Volontia anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C, kundi moja na wanafunzi na watafiti, siyo anaingia na viza ya utalii halafu anaenda kusimama darasani, likigundulika mnasumbuka wote. Kufuatilia ni kazi ya taasisi inayomwalika. Mimi niliomba kopi tu, nikaenda nazo kwa balozi wetu wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa mtaa kabla binti hajafika. Watu wanaidharau hatua hii lakini ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, mtaona.

Taasisi walitaka aje na ndege toka Dar, nikasema hapana, aje na basi la asubuhi na mtu wao akiwa naye. Ni kama kilomita 560, inachosha kweli, na zile mvua za Kimbunga Hidaya cha 2024 zilishatuharibia barabara pale Somanga, lakini mtu akivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, akanunua korosho dirishani, akapita Lindi, anafika anajua katoka wapi na yuko wapi. Wa ndege anashushwa kama kifurushi.

Jioni kafika miguu imevimba. Kibarazani majirani wamejaa, huyu kapika wali wa nazi na pweza, yule kaleta ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha, kuna waliojiandaa na vigelegele kabisa. Nikawaambia jamani mawifi, leo tumsalimie tu akaoge alale, chakula tutakula sisi. Wakacheka, na wakala kweli. Chumbani nikamwonyesha chandarua kinavyochomekwa chini ya godoro, ndoo ilipo, mlango unavyokomewa kwa ndani, basi. Chaji ya simu ikagoma kuingia ukutani, ya kwao ina pini mbili za duara na soketi zetu ni hizi za pini tatu bapa, ila adapta nilishanunua mjini, nikampa, akampigia mama yake. Nadhani ile simu ilimfaa kuliko ngoma yoyote ambayo tungempigia usiku ule.

Laini tulienda kesho yake, mgeni anasajili kwa pasipoti na alama za vidole, haina shida.

Sasa shughuli yenyewe. Wiki haijaisha watu wakaanza kuja, na hawaji kwake, wanakuja kwangu! Huyu ana bahasha ya ada ya mtoto, yule anatafuta mfadhili wa saluni, na kuna mzee mmoja ambaye kila siku namwamkia shikamoo akaniita pembeni, "Mwanangu, mwambie mzungu wako boti yangu inataka injini." Mtu kama huyo huwezi kumjibu ovyo. Na siwalaumu, huku tumezoea mzungu akija anakuja na mradi. Nikarudi kwa balozi, yeye makaratasi alishayaona, anajua binti ana miaka 19, katoka shule juzi, hana mshahara, anapewa chakula, pa kulala na hela kidogo ya matumizi. Balozi hakuitisha mkutano, alienda zake kukaa na wavuvi kijiweni akapiga stori, katikati akatupia, "Yule mtoto kaja kujifunza. Nani hapa ana mtoto wa miaka 19 wa kumnunulia mtu injini?" Habari ya injini ikaishia palepale. Binti naye nikamwambia ukiombwa hela sema muulize mama, yaani mimi. Nikaitwa mchoyo mtaa mzima, sawa tu.

Kula, alikula tunachokula. Ugali wa muhogo ulimshinda mwanzoni, pweza akampenda mno. Taasisi wakasema nimtafutie msichana wa kumfulia, nikakataa, na bibi jirani yangu alishaanza kuuliza, "Jembe mnampa lini?" Tukampa beseni. Anafua kwa ncha za vidole, povu limefika kwenye viwiko, shuka bado chafu, bibi akashika ncha huku, akamwekea ncha nyingine mkononi, wakasokota kila mtu upande wake mpaka maji yakaisha. Kuanzia hapo Jumamosi zote akawa uani kwa bibi, na Kiswahili chake asilimia kubwa kakitoa pale, pamoja na matusi mawili matatu ambayo mimi simo.

Homa ilimpata, tukawahi zahanati siku hiyohiyo, kipimo cha tone la damu majibu yanatoka hapohapo, hakuna malaria. Ni jua na kutokunywa maji. Ila msikae na mgeni wa homa nyumbani mkisema itapoa, hata kama anameza dawa za kinga.

Na lile la shingapi: taasisi walinipa hela ya chakula kila mwezi, inatosha mchele, samaki na umeme, haibaki. Tuliandikishana kabla hajaja, na nyie andikishianeni. Wameniomba nimpokee mwingine msimu wa korosho ukiisha, nimekubali, ila huyo aje na mabuti maana mvua zitakuwa zimeshaanza.