Orodha ya vitanda

Mdogo wangu amenipigia leo jioni nikiwa naanua nguo. Baada ya shikamoo hakuzunguka: "Dada, fomu za uwakilishi wa bloku zimetoka, mwisho Ijumaa. Nichukue?" Nikamwambia chukua. Akauliza kama kuna posho. Nikamwambia hakuna, chukua hivyo hivyo. Salio lake likaisha, nikabaki na nguo begani na maneno mengi mdomoni. Nayaandika hapa, atayasoma.

Niligombea uwakilishi wa bloku, yaani jengo letu la bweni, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Wale wa urais wa serikali ya wanafunzi walikuwa wakinadi sera nje ya kafeteria, juu ya meza, sauti zimekauka. Mimi nilipita mlango kwa mlango usiku, kanga na kandambili, kwa sababu wapiga kura wangu wote walikuwa wasichana wa jengo moja, na wote walijua kwamba choo cha chini hakina komeo. Niliahidi kitu kimoja tu: kila mtakachoniambia nitakiandika, na nitarudi kuwaambia nilichojibiwa.

Nikanunua kaunta buku la jalada gumu, jekundu. Ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza unasomeka: taa ya korido ghorofa ya pili, kitasa cha chumba cha 22, komeo la choo. Hilo komeo lilinichukua wiki tatu. Fundi alitaka karatasi iliyosainiwa na wadeni, msimamizi wa bweni; wadeni alikuwa likizo, aliyekaimu akasema si kazi yake. Wasichana waliendelea kuoga wakiwa wameegemeza mguu mlangoni. Mwisho tukachanga shilingi mia mbili mbili, tukanunua komeo na skrubu nne, jirani yangu wa uhandisi akaazima bisibisi. Nilipoweka alama ya vema kwenye ule mstari nilihisi kitu ambacho hakuna mtihani ulionipa.

Mdogo wangu, hata ukikosa kura, kazi za kujitolea bwenini ziko tele. Kuna kuwapokea mwaka wa kwanza wanaposhuka na matranki hawajui pa kwenda. Kuna waelimisha rika. Kuna kuhamasisha wenzako siku watu wa damu salama wanapokuja. Mimi nilimsomea notsi mwenzetu asiyeona, Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha usiku. Alinifundisha kusoma hadi mwisho wa sentensi bila kukimbia, na akinisikia nimechoka alisema, "Funga, utaniharibia sheria ya mikataba." Na si jambo jipya hili. Mwalimu Nyerere alipokuwa mwanafunzi Makerere, miaka ya 1943 hadi 1945, yeye na Watanganyika wachache waliokuwa kule walianzisha chama chao cha ustawi. Walikuwa wanafunzi tu, mbali na kwao, wakiangaliana.

Lakini nililotaka kukwambia hasa ni la vitanda.

Kwa wasomaji ambao hawakupita vyuo vya Dar: kubebwa ni kulala katika chumba cha mwenzako kwa sababu wewe hukupangiwa. Kitanda cha futi mbili na nusu, watu wawili, mzungu wa nne, miguu ya mwenzio usoni mwako. Miaka hiyo vitanda vilikuwa haba kuliko sasa. Hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, zilizinduliwa Aprili 2017, na sisi tulishamaliza zamani. Mwaka wangu wa kwanza wote nilibebwa, katika bloku ile ile niliyokuja kuiongoza.

Muhula wa pili wa uongozi wangu wadeni aliniita. Tulimwita Mama. "Mwanangu," alisema, "nataka majina ya wote waliobebwa, chumba kwa chumba, Jumatatu." Nilitoka pale nikiwa na hasira, na leo naona haikuwa haki kumkasirikia. Chumba cha watu wanne kilikuwa na saba, hita za kuchemshia maji zimening'inia kwenye soketi moja. Moto ungewaka usiku, ngazi ilikuwa moja.

Sikuandika majina. Niliomba wiki moja. Wasichana wanne wakajitolea, tukagawana ghorofa, tukazunguka kuanzia saa nne usiku tukihesabu vitanda ambavyo havilaliwi. Unavijua ukiviona: shuka limenyooka, juu yake kuna ndoo za watu, madumu, pasi. Vilikuwa tisa. Wenyewe walikaa kwa ndugu zao mjini na walilipia ili wawe na pa kufikia wakati wa mitihani. Nikawapigia mmoja mmoja kwa vocha yangu. Watatu walikataa, na mmoja wao alinikatia simu. Sita walikubali kurudisha nafasi, mradi atakayeingia amrejeshee hela yake. Jumatatu nikampelekea Mama orodha ya vitanda. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Hii sikuiomba." Akasaini yote sita.

Kisha akauliza, "Na waliobaki?"

Waliobebwa walikuwa kumi na mmoja. Sita tukawapa vitanda, tukianza na wa mwaka wa kwanza. Watano niliwaita chumbani kwangu nikawaambia ana kwa ana kwamba Jumapili ijayo nitaandika majina. Wawili wakachangia chumba nje ya chuo, mmoja akaenda kwa shangazi yake Gongo la Mboto, mmoja kwa kaka yake. Wa tano alitoka Kigoma, Dar hakuwa na mtu, na bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijatoka. Nikaliandika jina lake. Alitoka alfajiri na begi moja na ndoo. Nilimkuta ngazini nikamsaidia ndoo hadi kituo cha daladala. Aliniambia asante.

Wiki tatu baadaye msichana mmoja aliahirisha masomo, kitanda kikawa wazi. Mama mwenyewe ndiye aliyenipa ufunguo, bila mimi kuomba. Nilimtafuta yule wa Kigoma siku mbili, nikampata nje ya maktaba. Bumu lilikuwa limetoka na alikuwa ameshalipa kodi ya miezi sita mbele, kama wenye nyumba wa Dar wanavyotaka, na mwenye nyumba harudishi. Aliushika ule ufunguo kidogo, akanirudishia. "Mpe mwingine, dada."

Nilimpa mwingine. Kwenye kaunta buku mstari wake hauna alama ya vema. Nilishaanza kuichora mara moja nikasita, na kidoa cha wino bado kipo pale.

Chukua fomu, mdogo wangu. Kesho asubuhi nakutumia hela ya kaunta buku. Nunua la jalada gumu. Haya mengine yanachanika ukiyabeba kwapani muhula mzima.